Ngoy Alipomwita Vita Bila Viatu

Saa nane mchana kokoto za reli ya Kamina zinaunguza, na Ngoy anakimbia juu yake miguu mitupu. Hasikiki. Mbuzi aliyelala kando ya njia anagutuka Ngoy akiwa ameshampita.

Nyuma yake, mbali kidogo, anahema mwandishi wa makala haya, mwenye viatu vizuri vya ngozi na mapafu mabovu. Hakuna namna nyingine ya kumhoji mtu huyu. Ukimpa kiti anakikalia nusu, kisha anasimama. Swali uliloliuliza getini pa depo ya treni, jibu lake unalipata nyumba ya tano.

"Kimbia, mukubwa, kimbia!" anamchekea mwandishi, akivionyesha viatu vyake kwa kidole. "Bilato yako njo inakurudisha nyuma!"

Kazi ya Ngoy ni kuita watu. Depo ikipanga treni ya kuondoka, dereva na msaidizi wake wanakuwa majumbani, pengine wamelala kwa uchovu wa safari ya Bukama. Simu hawana. Basi anatumwa Ngoy, mbio, mlango kwa mlango, mpaka wote wafike. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Ana umri wa miaka arobaini na minne, watoto saba, na jina la kanisani, Lazare, ambalo mkewe Phébé humwitia ndani tu, kwani siku hizi nje, kwa amri ya chama tawala, kila raia wa Zaire anaitwa kwa jina la mababu.

Karibu miaka yote hiyo alikimbia na viatu vya depo, vizito, vyenye chuma puani. Vilimtesa. Wenzake walimwona mtu mwenye bahati, kumbe adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jioni magoti yalivimba, asubuhi Phébé aliyakanda kwa maji ya moto, na Ngoy akarudi tena barabarani.

Masika yaliyopita viatu vililowa, akavianika karibu na jiko la makaa, soli zikaungua. Vipya havikuwepo. Ngoy akatoka hivyo hivyo.

"Wiki ya kwanza nililia, sikufichi," anasema. "Kila jiwe ilinisalimia. Kisha nikaona kitu. Zamani kisigino njo kilikuwa kinatangulia. Kinagonga chini, pa! Udongo unarudisha ile pa mpaka ku goti, goti inapeleka ku mugongo. Sasa bila kilato, kisigino kikigonga, unaumia palepale. Mguu wenyewe ukajifunza. Ya mbele inatangulia, hatua fupi fupi, kisigino kinakuja kusalimia tu."

Anasimama kuonyesha. Kwanza anakimbia kama mtu wa viatu, kifua nyuma, visigino vikipiga. Halafu anakimbia kama Ngoy wa leo, magoti yamelegea, miguu inagusa na kuondoka.

"Kilato kiko mwongo," anasema. "Kinakuambia chini ni pazuri, kumbe hapana. Mguu hauwezi kukudanganya vile."

Magoti yalipona. Lakini kukazuka shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Kumbe kwa miaka yote hiyo Kamina ilikuwa ikimsikia Ngoy kwa viatu vyake. Wake wa madereva walisikia kwa! kwa! kwa! kwenye kokoto, wakateleka chai kabla hajabisha. Sasa alikuwa akifika kimya kama paka, watu bado wamelala, na treni zikaanza kuchelewa. Ngoy akapata dawa: kuita jina tangu mbali, kwa sauti yote.

Hapo ndipo tunamfikia kijana aitwaye Vita.

Vita ni msaidizi wa dereva, miaka ishirini na minne. Alizaliwa mwaka watu wakikimbia mapigano, na wazazi wakampa jina la walichokiona. Kanisani ni Urbain. Analala kama gogo. Nyumba yake iko ng'ambo ya reli, na njia ya mkato inapita katikati ya kambi ya familia za wanajeshi wa Base, kituo kikubwa cha jeshi, watu waliotoka pande zote za nchi, na ambao mwaka huu wa 1985 wana habari za waasi walioshambulia Moba bado mbichi masikioni.

Mchana mmoja wa mwezi wa saba Ngoy akatumwa kumwita Vita. Treni ilikuwa inamngoja. Akaingia kambini mbio, miguu mitupu, ametota jasho, akipaza sauti: "Vita! Vita! Saa imefika!"

Loo!

Mama Bolingo, mke wa ajida mmoja wa jeshi, mzaliwa wa mkoa wa mbali wa Équateur, alikuwa anakaanga samaki. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini neno hilo analijua vizuri. Aliacha sufuria motoni, akabeba godoro kichwani na mtoto mgongoni, akaelekea porini. Jirani zake wakamfuata.

"Mbele ya ile siku tulisikia bilato, kwa, kwa, tunajua ni Ngoy," anasema leo, bado kwa hasira. "Siku ile bilato hapana. Muntu iko na mbio, bilato hapana, anasema vita. Weye ungebakia?"

Swali zuri. Mwandishi hangebaki. Mtu wa viatu akikimbia hapa Kamina, watu husema anafanya sport. Wa miguu mitupu ni mwizi, au ameona kitu.

Cha kuchekesha zaidi, Ngoy mwenyewe hakuelewa. "Niliona bantu banakimbia, banamuke, batoto, na minyi mwenyewe nikaogopa, nikazidisha mbio," anasema. "Kumbe njo minyi nilikuwa nabafukuza!" Naye Vita aliamshwa na kelele za kambi nzima zikisema vita, wala hakufikiri kwamba ni yeye anayeitwa. Alitolewa jioni kwenye shamba la muhogo alikojificha. Treni iliondoka gizani.

Mkuu wa depo, citoyen Likoke, maana mabwana hakuna tena, wote ni raia, hakucheka. Alimpa Ngoy viatu vipya, safari hii vilipatikana, na neno moja: kuanzia Jumatatu avivae, ama atahamishiwa getini, akae kwenye kiti cha mlinzi. Mshahara uleule.

"Si adhabu," Likoke anamweleza mwandishi. "Kukaa ni kupumzika. Watu wangapi wanakitaka kile kiti?"

Wengi. Lakini mwambie Ngoy neno kukaa, uone uso wake unavyobadilika. Baba yake alikalishwa getini hivyo hivyo kwa ajili ya mgongo, akawa anatazama treni zikipita, na akanyamaza mpaka kifo.

"Kunikalisha ni kunizika," anasema Ngoy. "Naogopa, mukubwa. Kweli naogopa."

Alivijaribu viatu vipya siku mbili. Goti la kulia likavimba kama kiazi. Usiku hakulala, alizunguka uani mpaka Phébé akamfokea: "Lazare, utatoboa udongo!" Asubuhi akachukua kisu.

Jumatatu yuko mbele ya citoyen Likoke, viatu vimepakwa dawa, vinang'aa, kamba zimefungwa vizuri. Mwandishi amesimama mlangoni. Likoke anatazama kutoka juu, anaridhika. "Sasa uko muntu," anasema. "Nenda."

Ngoy anageuka, anapiga hatua nne kwenye sakafu ya saruji.

"Baba Ngoy. Rudi. Mbona sikusikii?"

Ngoy anarudi kwa hatua nne zilezile.

"Inua mguu."

Ngoy anainua. Juu kuna kiatu, chini hakuna soli, kuna wayo wa mtu, wenye vumbi. Makarani wanaacha kuandika. Likoke anajishika kichwa kwa mikono miwili, na mabega yake yanaanza kutikisika. Hata mtu wa chama anaweza kucheka.

"Weye unataka kuniua," anasema, akijifuta macho. "Haya. Règlement ya kazi inasema kilato, na kilato iko. Ya chini sitaangalia. Lakini nikisikia tena kwamba mama mmoja, mmoja tu, amekimbia sababu ya weye na ile Vita yako, utakaa pa kiti mpaka pensheni."

"Nimuite Urbain, chef?"

"Jina la kizungu, kelele barabarani? Hapana!"

Shida imebaki palepale. Kupiga makofi Ngoy amejaribu, mbwa wakamfukuza. Sasa akifika kambini anapunguza mwendo, anasalimia mlango kwa mlango: "Mama Bolingo, ni minyi, Ngoy, nakwenda kumuita kijana." Mama Bolingo anataka kwanza habari za watoto wote saba. Dakika zinapotea, na treni ikichelewa, kiti kinamsubiri.

Tumaini lake lote limekaa tumboni mwa Clémentine, mke wa Vita, ambaye mimba yake ina miezi minane. Mtoto akizaliwa, Vita atakuwa baba wa fulani, na hakuna sheria inayokataza kumwita mtu kwa mtoto wake. Ngoy alipendekeza jina Amani. Wakwe wa Vita wakakataa katakata: mtoto ataitwa Mbombo, jina la bibi.

"Mbombo ni muzuri," anasema Ngoy, akichezesha magoti penye mlango wa depo. "Hata wakimuita Kiazi! Niseme tu, Baba Kiazi, saa imefika, na kila mama atabakia na sufuria yake."

Karani anatoa kichwa dirishani: treni ya Kaniama, wanamtaka Vita, upesi. Ngoy ameshaondoka. Mwandishi anamfuata mpaka kwenye reli, kisha pumzi inamwishia.

"Mukubwa, pita kwa Clémentine!" Ngoy anapaza sauti bila kugeuka. "Muambie azae mbio! Minyi sitaweza kukaa!"