Mwalimu Alipokuja Kusimamia Vichekesho

Saluni yetu ina viti viwili, sinki moja na kioo chenye ufa. Mimi naosha vichwa, shoga yangu anasuka. Wateja wanamwita Chanuo, kwa sababu daima analo moja limechomekwa nyweleni, na mara nyingine hulitafuta nusu saa nzima huku limemtulia utosini. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na moja, na nasema bila kumung'unya maneno: huyu mtu hawezi kusuka akanyamaza.

Miezi minane iliyopita alianza kupanda jukwaani. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya soko, wachekeshaji saba hupokezana kipaza sauti. Wenzake hufanya mazoezi mbele ya kioo. Yeye hufanyia kwenye vichwa vya watu. Anatuliza vidole utosini mwa mteja, anatupa neno, halafu anasubiri. Anasema cheko la mdomoni ni adabu tu, mtu atakuchekea kwa sababu umemshika nywele. Lakini kichwa kikitikisika kuanzia shingoni, basi mzaha umeiva. Tatizo ni kwamba kichwa kikitikisika, mstari nao unapinda. Mizaha yake mizuri kabisa imezungushwa mjini na wanawake wenye mistari kama njia ya mbuzi, na anayewaomba radhi mlangoni ni mimi.

Mizaha yenyewe ilikuwa ya serikali. Foleni, fomu zinazotaka fomu nyingine, karani aliyekwenda kunywa chai mwaka juzi. Watu walikuwa wakivunjika mbavu. Walidhani anatania, kumbe ana hasira, na hasira yake ina sababu.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa mtu mnene kidogo, mcheshi, mwenye kutupigia honi ya salamu kila akipita hapa saluni, hata kama nyuma kuna mgonjwa. Mwaka mmoja na nusu uliopita, siku yake ya mapumziko, kifua kilimbana akiwa nyumbani na mama yake. Mama akapiga simu hospitalini, akaambiwa gari limetoka kikazi. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba viti sitini vya plastiki, kuvipeleka uwanjani ambako mbunge wetu alikuwa akizindua bomba la maji. Gari lilipofika nyumbani, saa mbili baadaye, hapakuwa tena na wa kuokolewa. Chanuo alikuwa hapa, mikono imejaa nywele za bibi harusi. Alipofika alimkuta mumewe ameshafunikwa shuka. Bomba lilitoa maji siku ile tu. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Hilo la mumewe hakuwahi kuligusa jukwaani. Halafu siku moja, akiwa anamsuka mteja mmoja mnyamavu, akasema taratibu kama anayejisemea:

“Lakini tusiwe wakosefu wa shukrani jamani. Viti sitini vilifika salama. Hakuna hata kimoja kilichopoteza maisha njiani.”

Kichwa cha yule mteja kilitikisika kwa nguvu, chanuo likaruka mpaka kwenye sinki langu. Nilipomtazama usoni, nikaona machozi. Shoga yangu akanitazama kwenye kioo, na sote wawili tukajua kwamba mzaha mkubwa kuliko huo hajawahi kuupata.

Bahati mbaya, yule mteja mnyamavu alikuwa mnyamavu kwetu tu. Enzi za shule alifundishwa na mama mkwe wa Chanuo, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapita kwa mwalimu wake kumpa habari zote, nukta kwa nukta.

Huyo mama mkwe watu wote tunamwita Mwalimu. Amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Tangu msiba anaishi na Chanuo, na sijui nani anamtunza mwenzake. Chanuo alifiwa na mama mzazi akiwa mdogo. Anayemuuliza kama amekula ni Mwalimu, na anayempigia pasi blauzi ya jukwaani ni Mwalimu huyo huyo. Ila yeye mwenyewe hakuwa amecheka tangu mwanawe afariki, na ukumbini kwa wachekeshaji hakuwahi kukanyaga.

Jioni ile nilimsindikiza Chanuo nyumbani. Nilikaa sebuleni na kikombe cha chai mkononi, nikitamani kugeuka mto wa kochi.

“Nimesikia umemtia mwanangu kwenye vichekesho,” Mwalimu akasema.

“Si yeye, mama. Ni viti.”

“Viti havina mama. Yeye anaye.” Akaketi. “Sikiliza, mwanangu. Mcheke mbunge, mcheke rais, nicheke hata mimi na miguu yangu hii. Kifo cha mtoto wangu usikiguse. Siku utakayokigusa mbele za watu, nafunga virago naenda kwa dada yangu, na hapa hunioni tena.”

Hakupandisha sauti. Chanuo aliangalia sakafu, akasema, “Nimesikia, mama.” Nilijua amesikia kweli, kwa sababu hakuongeza neno. Kumpoteza mume kulimtosha. Kumpoteza na huyu kungemmaliza.

Basi akaumeza mzaha wake, na mzaha uliomezwa ukamkwama. Jumamosi tatu mfululizo alipanda jukwaani akapooza kama chai iliyosahaulika. Saluni nako kimya. Mistari ilinyooka siku hizo, wateja wakasifu, na mimi nikagundua kwamba nachukia mistari iliyonyooka.

Wiki ya nne likabandikwa tangazo sokoni: mgeni rasmi wa Jumamosi ni mheshimiwa mbunge. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na alikuwa ameupa ukumbi spika mpya mbili. Mwalimu alilisoma tangazo lile na miwani, akalisoma tena bila miwani.

“Jumamosi nakuja,” akamwambia Chanuo.

“Kuangalia, mama?”

“Kusimamia.”

Alikuwa amesimamia mitihani maisha yake yote, na alijua mtoto anapokaa karibu na jibu mkono wake huenda wapi.

Alikaa mstari wa mbele, mimi pembeni yake, mheshimiwa viti vitatu upande wa pili. Chanuo akapanda. Akazungumzia wenye nyumba, akazungumzia nywele za bandia. Mheshimiwa alicheka kila mzaha kabla haujaisha, na ukumbi ukacheka kumfuata yeye, kwa adabu. Nilimuona shoga yangu akitafuta mlango kwa macho. Mshereheshaji naye, akidhani anaokoa jahazi, akarukia jukwaani: “Jamani, huyu ni mjane wa marehemu dereva wetu wa gari la wagonjwa! Mheshimiwa, neno moja la faraja!”

Mheshimiwa akapanda, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa.

“Marehemu alikuwa mtumishi wa watu,” akasema. “Nataka familia ijue kwamba siku ile serikali ilifanya kila liwezekanalo kumuokoa.”

Pembeni yangu nikasikia sauti kama kikohozi. Nikageuka. Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanapanda na kushuka. Nikadhani analia, nikamshika mkono. Akauondoa mtandio, na cheko likatoka zima zima, kubwa, la mtu aliyelilimbikiza mwaka mmoja na nusu. Ukumbi wote ulikufa ganzi. Alicheka peke yake, akajipiga paja, akavua miwani kwa sababu haikuwa na kazi tena.

“Kila liwezekanalo!” akasema, na kucheka tena. Kisha akanyoosha kidole jukwaani. “Mwambie habari za viti, mwanangu. Mwambie, au nipande niseme mimi.”

Chanuo akanyoosha mkono. Mheshimiwa akampa kipaza sauti, maana mwanasiasa gani atamnyima mjane mbele ya wapiga kura? Akaeleza yote, simu, kazi maalumu, bomba. Alipofika kwenye viti sitini na usalama wao, pakawa kimya mpaka nikasikia feni. Halafu mtu mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, na ukumbi ukaporomoka. Hata mheshimiwa alicheka kidogo kwa mazoea, mpaka msaidizi wake alipomnong'oneza. Tangu hapo alisoma simu yake kwa bidii.

Tulipotoka jua lilikuwa bado kali. Mwalimu akasimama kwenye ngazi za ukumbi.

“Umesema vizuri,” akamwambia Chanuo. “Ila umeruka saa mbili.”

“Saa mbili zipi, mama?”

“Za kusubiri gari. Huzijui, hukuwepo. Mimi nilikuwepo.” Akapangusa miwani, akaipangusa tena. “Aliniuliza gari limefika wapi. Nikamwambia linakuja. Akaniambia, ‘Mama, leo ningekuwa zamu mimi, ningekuwa nimeshajifikisha hospitali.’”

Chanuo akaketi pale pale kwenye ngazi.

“Nikacheka,” Mwalimu akaendelea. “Mtoto wangu amebanwa kifua, na mimi nikacheka kwa sauti, maana alilisema kwa ule uso wake. Akatabasamu kuniona nacheka. Nilipomaliza kucheka, alikuwa ameshaondoka. Sijamwambia mtu. Ningemwambiaje mtu kwamba mwanangu alikufa nikiwa nacheka?”

Shoga yangu alijikunja, mabega yakatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani hata yeye hakujua. Mwalimu alimsubiri bila kumharakisha, mkono juu ya kichwa chake.

“Hilo uliweke mwishoni,” akasema alipoona ametulia. “Na ulitamke polepole. Yeye alilitamka polepole.”

Chanuo akafuta uso kwa kiganja. “Jumamosi ijayo utakuja, mama?”

“Nisipokuja,” Mwalimu akasema, “nani atakusahihisha?”