Dashibodi Mpya ya Yaya

Yaya, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa hapa Lubumbashi, aliendesha gari la mashindano kwa miaka kumi na tisa. Lilikuwa gari dogo la kawaida lililokwisha kubeba familia za watu, likang'olewa viti vyote isipokuwa kimoja, likachomelewa mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondwe likipinduka. Jumapili za kiangazi, baada ya misa, magari kumi au kumi na mawili ya namna hiyo yalizunguka uwanja wa udongo mwekundu nje ya mji, na watu wa mtaa wetu, ambao nao unaitwa Kenya, walikwenda kwa miguu na kwa pikipiki kupiga kelele na kula vumbi.

Mimi nilikuwa fundi wa geji. Baba yetu alitoka kaskazini mwa Katanga akaajiriwa kwenye reli, kazi yake kutengeneza geji za injini za treni, na ndiye aliyenifundisha kufungua kioo bila kukipasua na kurudisha mshale mahali pake. Katika gari la yaya nilifanya jambo ambalo bado najivunia. Niligeuza kila geji kwa pembe yake, kiasi kwamba joto la maji, shinikizo la oili na mzunguko wa injini vikiwa sawa, mishale yote ilisimama wima kama watu kanisani wakati wa Injili. Yaya hakuwa na haja ya kusoma namba. Alitupa jicho mara moja tu. Akiona mmoja umelala, anaondoa mguu kwenye mafuta.

Gari lilikuwa mali ya patro, yaani bosi wetu, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini aliyeuza unga na mafuta kwa jumla na kumiliki malori yanayokwenda mpaka Kambove. Mtu mpole, aliyesali mkono ukiwa juu ya boneti kabla ya kila mbio. Mwaka mmoja alirudi kutoka Afrika Kusini na sanduku dogo. Ndani mlikuwa na skrini, pana kama kitabu cha sala, na furushi la nyaya.

“Fundi,” akaniambia, “ile mishale yako uipeleke kwa nyumba. Hii iko inaonyesha namba, na iko inakumbuka kila kitu.”

Lazima niseme ukweli: niliipenda. Nilikaa nayo siku nne, nikafunga waya mmoja baada ya mwingine, na ilipowaka mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lilikuwa gari la kwanza uwanjani kuwa na kitu cha namna hiyo, na mikono iliyokifunga ilikuwa yangu.

Yaya akaingia, akashika usukani, akaitazama.

“Iko muzuri,” akasema. Kisha: “Maji njo ile namba gani?”

Nikamwonyesha namba ya joto la maji. Baada ya muda kidogo akaniuliza swali lile lile, nami nikamwonyesha tena, nikijifanya sikumbuki kwamba ameshauliza. Tangu Pasaka nilikuwa nimemwona kanisani ameshika kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa usiohusika, akiimba kwa kukumbuka. Hakuniambia kitu. Nami sikumuuliza.

Mbio za kwanza na ile skrini zilikuwa za mizunguko kumi na miwili. Jua la saa tisa alasiri lilimpiga usoni kila alipokata kona ya vichuguu. Katika mzunguko wa nane moshi mweupe ulitoka chini ya boneti, gari likatetemeka, likazima katikati ya njia, na wengine wakalikwepa kwa bahati. Nilipofika nikikimbia nilimkuta bado amekaa ndani, mikono juu ya usukani. Skrini ilikuwa nyekundu yote.

“Haikuniambia kitu,” akasema.

Injini ilikuwa imekufa. Siku mbili baadaye patro aliniita ofisini kwake, mjini kati. Alikuwa ameunganisha skrini na kompyuta, akaniomba nimsomee ile michoro kwa sababu ni mimi niliyejua kila waya unatoka wapi. Nikamsomea. Joto lilianza kupanda mzunguko wa sita. Onyo liliwaka mizunguko miwili mizima, na mguu wa dereva kwenye mafuta haukupungua hata kidogo.

Patro akavua miwani. “Alikuwa anaona onyo?”

Ningeweza kusema jua. Ingekuwa nusu ya ukweli, na patro angeikubali.

“Haone, patro,” nikasema. “Tangu Pasaka haone muzuri.”

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilisema hivyo ili ndugu yangu asife siku moja katika yale mabomba. Lakini pale kwenye kiti, nilichokuwa nakiogopa ni patro kudhani kwamba nilifunga skrini vibaya.

Wiki ile ile patro alikwenda nyumbani kwa yaya, akasali naye, akamshukuru kwa miaka yote, akamwambia gari litapewa dereva mwingine. Jioni yaya akanisindikiza mpaka barabarani.

“Mudogo, ni weye ulimwambia?”

“Hapana, yaya. Ni ile mashine. Iko inaandika yote.”

“Aa,” akasema. “Mashine.”

Hospitalini walimwambia mishipa ya nyuma ya macho ilikuwa inakufa na kwamba kilichopotea hakirudi. Walimpa dawa ya matone. Alitumia kwa bidii, na giza likaendelea kuja kwa mwendo wake. Mimi nami kazi yangu imekufa: magari yanayoingia mjini siku hizi yana skrini toka kiwandani. Zikiharibika watu wanatupa na kununua nyingine. Mishale haina tena wa kuirudisha. Kwenye karakana yangu sasa ninabadilisha vioo vya simu, na siko hodari.

Kiangazi kilichopita niliamua kumwambia. Nilimkuta uani na beseni la maharagwe mapajani, anachambua kwa vidole, mawe upande mmoja.

“Yaya, ile siku kwa patro...”

“Nilikuwa inje, kwa dirisha,” akasema, bila kuacha kuchambua. “Nilikuya kumuomba anipatie mbio ingine. Nilisikia.”

Nikamwuliza sababu: “Sasa juu ya nini uliniuliza?”

“Nilitaka unijibu kweli.”

Nilisubiri atukane, au alie, au aniulize kwa nini. Alipapasa jiwe dogo, akaliweka kando. Nikasema nisamehe, nikasema mara mbili. Akaitikia “eee” kama mtu anayeitikia habari za mvua.

Mkewe aliporudi kutoka sokoni alituona tumekaa, akafurahi, akapika bukari, ugali wetu, na mchicha wa lenga-lenga, tukala watatu. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Yaya alinikaribisha kiti, akauliza hali ya watoto wangu, tukazungumza juu ya umeme unavyokatika. Ndivyo tunavyozungumza mpaka leo, kila Jumapili, na hakuna lingine.