Gauni Nililonakili

Ndugu wasomaji, hata sasa naona aibu kusimulia haya. Mimi ni mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi tu, na nafundisha ushonaji katika misheni yetu kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Mwezi uliopita nilikuta katika kabati la darasa karatasi zilizokatwa kwa umbo la gauni zuri ajabu: kola ya mawimbi, mikono iliyotuna mabegani. Hazikuwa na jina. Niliwahubiria wanafunzi kwamba maarifa hayana mwenyewe, tukashona magauni kadhaa ya kitambaa cha maua na kuyauza baada ya ibada ili darasa lipate cherehani nyingine. Yaligombaniwa.

Jumamosi iliyopita mwanafunzi wangu Anasia, ambaye mwezi mzima alikuwa amewekwa ndani akiandaliwa kwa harusi, alifunga ndoa. Kwetu gauni la bibi harusi halionwi na mtu kabla hajaingia kanisani. Mlango ulipofunguliwa, Anasia aliingia. Kola ile ile ilikuwa shingoni mwake, na kwenye kwaya, na kwenye benchi la mbele.

"Bwana harusi, mwanangu," shangazi yake Anasia akapaza sauti, "chagua upesi, wake wamejaa!"

Kanisa zima likacheka. Anasia akasimama katikati ya njia, machozi yakimtiririka.

"Nilizificha karatasi zangu darasani ili shangazi asizione," alisema. "Nani amezitoa?"

Wanakwaya waligeuka taratibu kunitazama, na bibi harusi akayafuata macho yao. Nami siku ile nilikuwa nimevaa gauni lilo hilo.