Kiraka cha Nafisa

Nafisa ana ugonjwa wa usafi, na hataki dawa. Kila asubuhi akishafagia mbele ya duka la baba yake la mashuka, Karatu mjini, huendelea na ufagio wake hadi kwa jirani, Dada Mwamini muuza viatu. Pale mtaani ukifagia ukaishia mpakani, watu watajua mmenuniana.

Usafi huohuo nusura umponze. Kwa muda mrefu alijifunza kwenye laptopu nyuma ya kaunta, mpaka akagundua kosa ndani ya Linux, programu inayoendesha kompyuta nyingi duniani, kwenye kiini chake chenyewe: kipimajoto fulani kilisoma baridi ya kugandisha kama joto la kuchemsha. Dawa yake ilikuwa mistari miwili tu ya msimbo. Lakini faili lenyewe lilikuwa vurugu jamani! Nafasi ovyo, mabano yasiyo na kazi. Mkono ukamwasha. Akalisafisha lote, kisha akatuma kiraka chake, maana ndivyo wanavyoyaita marekebisho, kwa mkaguzi huko Ulaya.

Jibu lilikuja mchana. "Umepatia, lakini marekebisho yako yamezama kwenye usafi, siyaoni. Kiraka kimoja, jambo moja. Toleo hili nalifunga leo jioni."

Nafisa alikwenda kwa Mwamini amefura. "Nimemfanyia hisani, dada, halafu ananirudishia!"

Mwamini alicheka hadi akashika kiuno. "Mdogo wangu, kunifagilia nashukuru. Lakini siku ile uliponipangia viatu upya kwa rangi, mteja alikuja anataka saizi yake, nikatafuta mpaka akaenda zake. Nilikustahi tu."

Nafisa aliona haya, kisha akatoka mbio. Alirudisha kila nafasi mbovu mahali pake, roho ikimuuma, akabakiza mistari yake miwili. Hata mabano aliyoiwekea yeye mwenyewe aliyatoa, maana kwa kanuni za Linux, sharti lenye amri ya mstari mmoja halifungiwi mabano. Akatuma. Wateja aliwahudumia jicho likiwa kwenye kioo cha laptopu.

Jua linapunguka, barua pepe ikaingia. "Nimekagua. Safi kabisa. Nakichukua, kitaingia kwa jina lako kamili."

Nafisa aliruka, bunda la mashuka likaanguka. "Kimepokelewa! Baba, kimepokelewa! Kompyuta za dunia nzima, kwa jina langu!"

Mzee Abdulwahabu alikuwa akimkatia shuka mteja wake Metui. "Wameliandikaje?"

"Nafisa Abdulwahabu."

Mzee aliweka mkasi mezani. "Na langu limo?"

"Limo, baba."

"Hebu soma tena," alisema. "Taratibu."