Mama Anataka Mteremko Ubomolewe, Kaka Anataka Kuushuka Tena

Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Kirumba hapa Mwanza. Sijaolewa, na kabla hamjaanza kunihurumia, hilo silo lililonileta kwenu. Jina langu naomba lifichwe, maana mtaani kwetu ukipiga chafya asubuhi, jioni umeshaletewa uji wa mgonjwa.

Nilikuwa mchora ramani za majengo katika shirika moja la umma. Shirika likauzwa, tukapunguzwa kazi, nikarudi kwa mama na penseli zangu. Nyumbani tuko watatu: mimi, mama, na kaka yangu anayenitangulia. Kaka alipooza miguu yote miwili kwa polio akiwa mdogo. Anatembelea kibao chenye beringi nne chini yake badala ya magurudumu. Anakaa juu na kujisukuma kwa mikono. Ni fundi viatu, ana maneno mengi, na tangu ajue kukiendesha kibao chake hajamruhusu mtu yeyote ambebe. Hata mvua inyeshe, matope yamrukie mpaka usoni, ukimshika unatukanwa.

Mambo yalianza na watoto. Siku hizi ndani ya marobota ya mitumba vinakuja viatu vya matairi, vile vyenye magurudumu madogo chini ya soli, na watoto wa mtaa wamevipenda mpaka basi. Wasio navyo wanajitengenezea vigari vya mbao na beringi. Wote walikuwa wanateremkia barabara ya kwenda Mwaloni, katikati ya malori ya samaki, mpaka mtoto wa jirani yetu akaponea chupuchupu chini ya lori. Wazazi wakaja juu. Wakaomba lile ghala la pamba la ushirika lililofungwa, lenye sakafu kubwa ya saruji, liwe uwanja wa watoto hao. Wakaruhusiwa. Mwenyekiti wa mtaa akanigeukia mbele ya watu akasema, "Dada, si unajua kuchora? Tuchoree. Lakini uwe uwanja wa wote, hata mtu kama kaka yako naye acheze."

Nilichora kwa moyo wangu wote. Watu wa vibao niliwatengea kona yao, tambarare, yenye ukuta mfupi kuizunguka ili wasigongwe. Nikampelekea kaka mchoro, nikitegemea atanishukuru. Akauangalia weee, halafu akaniuliza, "Na hili zizi ni la ng'ombe wa nani?"

Nililia, sitawadanganya. Nikamwambia, "Kaka, mimi nilitaka kukulinda tu."

"Nimelindwa tangu utotoni, nimechoka," akasema. "Pale ghalani kuna jukwaa walilokuwa wanapakilia pamba. Nichoree mteremko kutoka pale juu, mpana, wa watu wote. Na mimi nijue raha ya kwenda bila kujisukuma."

Hebu fikirieni. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, na kila mahali alipowahi kwenda amejisukuma kwa viganja vyake. Nikafuta zizi usiku uleule, nikachora mteremko mpana na wa taratibu, na fundi mwashi akaujenga.

Siku ya kuujaribu kaka akang'ang'ania awe wa kwanza. Alishuka huku akipiga kelele za furaha ambazo sijawahi kuzisikia kwake. Chini kabisa, mteremko unapokutana na sakafu ya zamani, palikuwa na kiungo cha saruji kilichoinuka kidogo tu. Kiatu cha matairi kinapita hapo bila shida. Mimi nilikuwa nimewaza viatu vya matairi. Beringi ndogo za kibao zikakwama, kaka akarushwa mbele, mkono wake wa kulia ukavunjika.

Kwa mtu mwingine huo ni mkono. Kwa kaka yangu ndio mguu. Sasa amefungwa plasta, hawezi kujisukuma, na kubebwa hataki. Anashinda mlangoni juu ya mkeka, viatu vya wateja vimerundikana pembeni yake, wala hataniani na mtu tena.

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alinikalisha chini akasema, "Nilimbeba huyu mgongoni miaka mingi, wewe ulikuwa bado mdogo. Miguu ilikwenda na ugonjwa, nikanyamaza. Mikono umemvunjia wewe na penseli yako. Ule mteremko ubomolewe, au usiniite mama."

Nikamwambia, "Sawa, mama."

Kaka naye akaniita pembeni. "Kile kiungo fundi anakisawazisha kwa siku moja. Mkono utapona. Lakini ukibomoa, ujue umenirudisha zizini."

Nikamwambia, "Sawa, kaka."

Ndiyo, naujua woga wangu, msinitukane sana. Wazee wa mtaa wamenawa mikono. Wanasema hawataki lawama za mama yangu, mchoraji ndiye atakayeamua. Fundi yuko kwenye kazi nyingine Buhongwa, akimaliza atakuja na nyundo. Ameniambia kusawazisha au kubomoa kwake yote ni kazi, anangoja neno langu. Mama, akijua nimemkubalia, ameanza kucheka nami tena, jana amenikaangia sato.

Leo asubuhi mama alipokwenda sokoni, kaka aliniita pale mkekani. Akasema, bila kuniangalia usoni, "Siku fundi akija, uniwahi mapema. Unibebe mgongoni, unipeleke ghalani, uniketishe juu ya ule mteremko. Nataka anikute hapo."

Kaka yangu, ambaye hata kwenye matope hashikwi, ameomba kubebwa. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama nimempa neno langu, kaka nimempa mgongo wangu, na fundi anaweza kutokea siku yoyote. Ninyi wenye mama na ninyi wenye kaka, nishaurini: asubuhi hiyo nifanye nini?