Kifaransa Kwenye Ubao wa Mwalimu Nasoro

Wapo wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Mwalimu Nasoro, alibatizwa. Hakubatizwa. Nilikuwepo.

Enzi ya Wajerumani alisomesha watoto Kurani hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Barua za wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, zilikuja kwa Kifaransa, na watu walimletea yeye wakidhani msomi husoma kila kitu. Aliona haya. Padri mmoja aliyepita kwa mtumbwi kila mwezi akakubali kumfundisha. Nasoro aliyaandika masomo kwa herufi za Kiarabu, kwenye ubao uleule wa chuo chake cha Kurani: mimi ni, wewe ni, yeye ni.

"Kwao kila kitu ni dume au jike," aliniambia. "Ziwa dume, mtumbwi jike."

"Ndiyo maana ziwa lina kelele, na mtumbwi ndio unaofanya kazi."

Siku moja jirani yetu Zuwena aliukuta ubao ukutani, sisi hatupo. Mwanawe Riziki alikuwa na homa. Akadhani ni kombe, aya zilizoandikwa ili zioshwe na mgonjwa anywe maji yake. Akauosha, akamnywesha. Kesho yake homa ikashuka, naye akatuletea samaki sita.

"Mwalimu, mukono yako iko na baraka!"

Nilimkonyeza Nasoro anyamaze. Sifa ingebaki kwetu. Akasema, "Dada, yale hayakuwa maneno ya Mungu. Ni Kifaransa cha padri."

"Mutoto wangu amekunywa ukristo?"

Akabeba samaki wake, akaondoka nao. Kabla ya adhuhuri chuo kilikuwa kitupu, na wazee wamekaa barazani kwetu kuamua kama atafukuzwa, maana ilisemwa amebatizwa.

Mzee Feruzi akamuuliza, "Nani alikubana hata ukasema?"

"Hakuna."

Mzee akawageukia wenzake. "Mtu huyu amekataa sifa ambayo hakuna mtu angejua kuwa si yake. Atatuficha ubatizo?"

Hawakumfukuza. Kifaransa aliendelea nacho kwenye ubao wa pili, niliokuwa nikiufungia sandukuni.

Watoto walirudi asubuhi iliyofuata, isipokuwa Riziki. Siku ya nne mama yake alimleta, akasimama mlangoni akiutazama ubao.

"Leo iko nini humo?"

"Alhamdu."

"Soma nisikie."

Nasoro akaisoma sura hiyo ya kwanza ya Kurani mpaka mwisho. Ndipo Zuwena akauachia mkono wa mtoto.