Divai ya Mlangoni kwa Mama Tumaini

Nikiri mapema: mimi si mjuzi wa divai. Niliishi Dodoma miaka miwili nikiuza vipuri vya pikipiki, na divai niliiona tu kwenye rafu za maduka. Lakini klabu yetu ya matembezi ya Kyela ilipopanga safari ya wikiendi, kupitia Bujonde kwa Mama Tumaini anayetengeneza divai ya kakao, kisha kulala kwenye mahema Matema, nilijitangaza mtaalamu aliyeisomea divai huko huko Dodoma kwenye zabibu. Wakanipa kazi ya kuwafundisha kuonja.

Tulipofika, mwenyeji alikuwa ndani akitafuta glasi. Mlangoni palikuwa na chungu kikubwa kimejaa kitu cha rangi ya kahawia. Sikusubiri. Nikachota kwa kikombe, nikazungusha, nikanusa nimefumba macho, nikanywa.

"Hii imekaa," nikasema. "Mnausikia udongo? Na kwa mbali, nafaka."

Kikombe kikawazunguka wote. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu, alikunja uso, kisha akasema kweli anaisikia nafaka. Nikajichotea tena.

Kumbe Mama Tumaini alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la glasi. Kwetu mgeni hakatizwi, hivyo aliningoja nimalize hotuba na kikombe.

"Ndaga, baba," akanishukuru. "Sasa karibuni ndani, divai ndiyo naenda kuifungua. Hicho chungu ni kipya, nimekinunua Ikombe juzi. Nimekiwekea maji ya pumba za mpunga ili kizibe matundu."

Mwenyekiti akaniuliza kama na hilo nililisoma Dodoma.